Ngwe ya Zimwi

Mwezi mzima na zaidi nyumba yangu ya hapa Soweto, Mbeya, iligombana kila Jumapili kwa sababu ya zimwi. Sio zimwi la kuonekana. Zimwi la kwenye karatasi, limeandikwa kwa kalamu ya bluu, lina namba pembeni. Watu wanne wazima, wenye akili zao, wameshiba wali wangu, wanakaa sebuleni tangu tutoke misa mpaka jua linapungua, wanabishana zimwi liwe na nguvu kiasi gani. Mimi niko jikoni nasikia. Naosha vyombo, namaliza, nachambua mchele wa kesho, namaliza, wao bado.

Naandika mwenyewe, kwa mkono wa darasa la nne, kwa hiyo koma zikikosekana msinilaumu. Majina sitaweka. Sio kwamba nimesahau. Watu wote waliokuja kulima shamba letu siku zangu za ubibi harusi, kule milimani Iringa, ninao kichwani mmoja mmoja, na watoto wao, na ng'ombe wawili wa jirani waliokuwa na majina. Lakini mjukuu wangu ameniomba nisiwataje wenzake, nami nikaona kama hawa nawaficha basi na wale niwafiche, kusiwe na upendeleo.

Huyu mjukuu ni mtoto wa binti yangu. Binti yangu aliolewa Mgololo, kule kwenye kiwanda cha karatasi, na huko akaugua, akafariki. Mkwe wangu baada ya muda akaoa, simlaumu. Mjukuu akaja kwangu akiwa na miaka ishirini, na begi moja la nguo, na rimu mbili za karatasi nyeupe kazibeba mikononi kama mtoto mchanga. Nikamuuliza karatasi zote hizi za nini. Akasema, "Sijui, bibi. Nimezoea ziwepo."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Msimu mzima wa mvua mlango ule ulikuwa umefungwa. Nikimwita kula anakuja, anakula, anasema asante bibi, anarudi. Nikimsalimia asubuhi naisalimia mbao. Watu wa jumuiya walikuja kusali, wakasali mbele ya mlango, wakanywa chai, wakaondoka. Mimi nimezika mume na watoto wawili, nakijua kilio. Lakini kilio cha kwetu kina sauti. Hiki cha mlango sikukijua, na kilinichosha kuliko kingine chochote.

Halafu ukaja huu mchezo. Aliuona kwenye simu, ila vitabu vya mchezo wenyewe hana na vifaa vyake hana, kwa hiyo akautengeneza mwenyewe kwa zile karatasi. Alinieleza hivi. Mmoja anasimulia hadithi, wengine wanaingia ndani ya hadithi. Kila mmoja ana mtu wake na karatasi yake: nguvu ngapi, wepesi ngapi, akili ngapi. Msimulizi anasema, mbele yenu kuna mto umejaa, mnafanyaje. Mmoja anasema naogelea. Basi anatupa dadu mbili, zile za ludo, anajumlisha na namba yake. Ikifika namba aliyoitaka msimulizi anavuka, isipofika anapelekwa na maji. Kwetu utotoni hadithi ilikuwa ya bibi peke yake, sisi kazi yetu kuitikia. Huku msikilizaji naye ana mdomo. Niliona sio mbaya.

Na mlango ulifunguliwa. Hilo ndilo neno. Mtoto alianza kutoka, anapiga simu, anacheka, ananiuliza, "Bibi, majambazi wa zamani walikuwa wanajificha wapi?" kana kwamba nilikuwa mmoja wao. Jumapili akapata wenzake. Wa kwanza mwanafunzi wa uuguzi, msichana wa upande wa Tukuyu, mdomo hauna breki. Wa pili kijana fundi simu, mwenye kibanda kule Uyole, mtu wa kununa. Nikawapikia. Mchezo wenyewe sikuujali. Mimi nilijali mlango.

Sasa akaja wa tatu. Binti wa Usangu, anasoma mambo ya kilimo Uyole, amepanga chumba huko huko. Wazazi wake ni wafugaji waliohama kutoka kaskazini na ng'ombe wao wakashukia bonde la Usangu. Binti mrefu, mabega haya, akiingia mlangoni kwangu anainama. Akinisalimia anapiga goti kidogo, nami napenda, hawa wengine shikamoo yao unaisikia imeshapita. Hakuwa msemaji. Mjukuu akamuuliza, wewe unataka kuwa nani? Mpiga mishale yupo, mganga yupo, unaweza kuwa mwizi, unaweza kuwa mfanyabiashara.

Akasema, "Nataka kuwa zimwi."

Mimi nilikuwa naleta chai. Nikasema zimwi halikai upande wa watu, zimwi linakula watu, mwisho wa hadithi linapasuliwa tumbo watu wanatoka. Ndivyo lilivyo. Binti akanitazama kwa heshima, akasema, "Mimi nataka lile ambalo halijapasuliwa, bibi."

Mjukuu wangu macho yakamwaka. Akafungua daftari. Kwenye daftari mazimwi walikuwepo tayari, wale wa kupigana nao. Watu wa kawaida wana nguvu nne, nguvu tano. Zimwi lina kumi na tano. Akalitoa vile vile lilivyo akampa binti. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Jumapili ile walikuwa wanavuka daraja lenye majambazi. Mpiga mishale, ambaye ndiye fundi simu, amejiandaa wiki nzima, amechora na ramani. Binti wa Usangu akasema kwa sauti ndogo, "Zimwi linanyanyua daraja." Akatupa dadu. Mtu mwenye kumi na tano hata dadu zikilala vibaya anapita. Daraja likanyanyuka, majambazi wote majini. Mbele kuna lango la mawe, zimwi likalisukuma. Mbele kuna simba, zimwi likamshika mkia. Saa mbili nzima wale wengine wawili walikuwa wanakula karanga zangu.

Fundi simu akaweka kalamu chini. "Mimi nimekuja kufanya nini hapa?"

"Unatembea nyuma," mwanafunzi wa uuguzi akamwambia. "Unashika mikoba ya zimwi."

"Wewe mganga umemtibu nani leo?"

"Nimetibu njaa yangu."

"Haina balansi," fundi akasema. "Huu mchezo hauna balansi. Mmoja anafanya yote, wengine mashahidi."

Hilo neno balansi ndilo lililonikalia kichwani kama nzi. Kuanzia siku hiyo ikawa balansi asubuhi, balansi mchana. Mjukuu wangu anakoroga uji anasema balansi. Anafua anasema balansi. Nikamwambia ukilitaja tena utakula huko huko kwenye balansi.

Jumapili ya pili alikuwa amelikata zimwi. Kaligeuza lote. Nguvu kumi na tano imekuwa sita. Akampa binti karatasi mpya, nzuri, kaipigia mistari kwa rula. Binti akaisoma. Akaigeuza nyuma akatazama kama kuna kitu kimeandikwa huko. Akasema, "Huyu sio zimwi. Huyu ni mtu ana meno mabaya."

Mwanafunzi wa uuguzi akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa changu cha meza, kile cha kufuma. Lakini binti hakuwa anatania. Alicheza siku ile kama mtu anayekula chakula cha hospitali. Zimwi lake likakutana na mlango wa kawaida, wa mbao, likatupa dadu, likashindwa. Zimwi limeshindwa mlango wa mbao. Hata mimi niliona aibu kwa niaba yake, na mazimwi mimi siwapendi.

Jumapili ya tatu mjukuu akaja na jingine. Nguvu imerudi kumi na tano, kila mtu atulie, ila kuna sharti. Watu wa mijini wanaliogopa zimwi, kwa hiyo haliruhusiwi kuingia mjini. Likiingia kengele zinapigwa, askari wanakuja, wote wanakamatwa. Hiyo ndiyo balansi, akasema, amefurahi kama mtu aliyepata mapacha.

Basi wakafika mjini. Ndani ya hadithi kuna soko, kuna mtu wa kutafutwa, kuna mizigo ya kubembeleza bei. Fundi simu siku hiyo alikuwa mfalme, anaongea anarusha mikono. Mwanafunzi wa uuguzi kapata mchumba wa uongo kwenye duka la dawa. Nikatoka barazani kumenya maharage mabichi, nikamkuta binti wa Usangu amekaa kwenye ngazi, mgongo ameegemeza kwenye nguzo.

"Vipi wewe, huchezi?"

"Niko nje ya mji, bibi."

Nikadhani ananitania. Nikatazama ndani, wenzake wanaendelea na soko lao. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. "Utaingia saa ngapi?"

"Wakimaliza."

Akasogea akachukua maganda mapajani mwangu, akaanza kumenya. Mkono mwepesi, maharage hayaruki. Tukamenya nusu ya kikapu. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, "Tulipohamia Usangu nilikuwa mdogo. Kijijini walikuwa wanasema wale wa ng'ombe wakae kule ng'ambo. Shuleni nikawa mrefu kuliko mwalimu, wakanikalisha nyuma. Kukaa pembeni nimezoea, bibi. Sikuja huku Jumapili kukaa pembeni tena."

Nilimwambia tu maharage yale yakiiva ataondoka na yake kwenye kopo. Lakini alipoondoka hakusubiri kopo.

Jumapili ya nne hakuja. Simu yake inaita haipokelewi. Fundi simu akasema, "Afadhali. Tucheze."

Wakaanza. Baada ya muda mwanafunzi wa uuguzi akasema, "Mimi leo sioni raha. Hata kitu cha kubomoa hatuna."

"Si ulikuwa unalalamika zimwi limetuzidi?"

"Wewe ndiye uliyelalamika. Mimi nilikuwa nakula karanga."

Wakajibizana. Mwisho fundi akachukua kofia, akasema akiwa anahitajika atapigiwa. Mwanafunzi naye akasema ana mtihani. Mjukuu wangu akakusanya karatasi moja moja, akazipanga, akafunga daftari, akaingia chumbani. Mlango ukafungwa.

Jumatatu umefungwa. Jumanne umefungwa. Anakuja, anakula, asante bibi, anarudi.

Jumatano nilichoka. Nisiseme uongo kwamba niliomba Mungu kwanza, sikuomba. Nilichukua kigoda na beseni la viazi nikaenda kukaa pale kwenye korido, mbele ya ule mlango, nikaanza kumenya na kuongea. Kwa hasira. Nilisema:

"Wewe mtoto, watu wenye nguvu kuliko wenzao hawajaanza kwenye karatasi yako. Kwetu alikuwepo mmoja. Jitu la mtu. Jina lake nalijua na la baba yake nalijua. Alikuwa akishika jembe, jembe linaonekana kijiko. Na mimi nilikuwa bibi harusi, sijamaliza hata mwezi, mama mkwe wangu akaitisha mgowe."

Mgowe kwetu ni kulima kwa pamoja. Mwenye shamba anaandaa ulanzi, ule utomvu wa mianzi unaochacha, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa. Kesho ni kwa mwingine. Shamba linagawanywa vipande, kila mtu na kipande chake, ndiyo ngwe. Na siku ile mama mkwe alinipa mimi kamba ya kupimia ngwe. Nadhani alitaka kuona mwanawe kaoa kichwa au kaoa kitambaa cha kichwa.

"Mimi nikapima sawa sawa," nikaendelea kuuambia mlango. "Kila mtu hatua zile zile, nikajiona nimetenda haki. Yule jitu akamaliza ngwe yake umande haujakauka. Akaenda akakaa kwenye ulanzi. Sasa wenzake wanalima wanamwona amekaa, anajifuta mdomo. Mkono ukawalegea. Wawili wakasema wana mgonjwa nyumbani. Shamba likabaki nusu. Mama mkwe alinitazama tu, na bora angesema."

Nikamenya kiazi kingine.

"Mgowe wa pili nikajifanya mjanja. Yeye nikampimia ngwe mbili na nusu. Akatazama kamba, akatazama wenzake, akaweka jembe begani. Akaniuliza, mimi ni ng'ombe? Akaenda kwao. Nikampoteza kabisa, na nusu ya watu wakacheka na nusu wakakasirika, shamba likabaki tena. Ndiyo hivyo hivyo na wewe. Mara umemwacha amalize yote, mara umemkata mikono, mara umemkalisha nje anamenya maharage na bibi kizee. Mtoto wa watu."

Kitanda kikalia ndani. Nikajua amekaa.

"Mgowe wa tatu mama mkwe alininyang'anya kamba. Akaenda mwenyewe kwa yule jitu, akamwomba radhi kwa ajili yangu, nami niko nyuma yake nimebeba kibuyu, nimeinamisha uso. Shambani hakumpimia ngwe kabisa. Alimpeleka juu, pale shamba lilipokuwa halijafunguliwa bado, nyasi za mizizi mirefu, ardhi ngumu, mtu wa kawaida jembe linaruka. Akamwambia, wewe pasua tu. Usivunje, usipange, pasua uende. Yule bwana akapiga jembe, likainuka bonge kama mlango wa nyumba. Akapiga tena. Halafu mama mkwe akatupanga sisi wote nyuma yake. Tuvunje mabonge, tukung'ute nyasi, tupande."

Mlango ukafunguliwa. Sio wote, kiasi cha uso. Uso umevimba, nywele hazijachanwa, kalamu mkononi.

"Rudia hapo kwenye mabonge," akasema.

"Kwanza unisalimie."

"Shikamoo bibi. Mabonge nani alikuwa anavunja?"

"Marahaba. Sisi wote. Mimi, wanawake, vijana, hata mzee mmoja mwenye kifua. Na hatukuweza kukaa, maana tukikaa mabonge yanajazana nyuma yake. Naye hakuweza kutuacha, maana bonge peke yake sio shamba. Ukipanda kwenye bonge unawapandia ndege."

"Kwa nini asivunje mwenyewe?"

"Angevunja nani angepasua? Na halafu ule mkono wake haukufaa kazi ndogo. Alijaribu kupanda siku moja, kila shimo mbegu tano. Tulimfukuza."

Akacheka. Kidogo tu, puani. Akakaa chini sakafuni pale pale kwenye korido, akaweka karatasi juu ya goti. "Na kula? Alikuwa anakula kuliko wengine?"

"Anakula kama mvua. Lakini kibuyu kilikuwa kinapita kwa zamu, na zamu yake ilikuwa ile ile. Akimaliza kupasua upande mmoja anatetemeka mikono, lazima apewe. Na mwenye kumpa alikuwa mmoja wetu, tuliacha jembe tukampelekea. Mama mkwe alisema jitu likiachwa na njaa litalala, na likilala na sisi tumelala."

Akaandika, akaandika, viazi vikabaki na mimi. Niliuliza mara mbili nani ananisaidia, akasema ndiyo bibi, akaendelea kuandika.

Karatasi ilikuwa tayari, lakini zimwi lenyewe halikuwepo. Simu haipokelewi. Mjukuu akasema ataandika ujumbe. Ujumbe gani, mtu amekalishwa nje halafu unamwandikia ujumbe. Jumamosi nilikuwa naenda sokoni Uyole kwa ajili ya vitunguu, nikaulizia nyumba wanakopanga wanafunzi wa kilimo. Haikuwa kazi. Nilisema binti mrefu, kila mtu akanyoosha kidole.

Nilimkuta uani anafua. Akaniona, akapiga goti na mapovu mikononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Uliniachia maharage yangu na kopo."

"Samahani, bibi." Akanitafutia ndoo ya kukalia, akaigeuza, akaifuta. "Kule mimi nimeona sina nafasi. Nikiwa na nguvu nawaudhi, nikiwa sina sio mimi."

"Umepimiwa upya."

"Sita au kumi na tano?"

"Kumi na tano. Haijaguswa."

"Nitakaa nje?"

"Ukikaa nje lango atafungua nani?"

Akakamua shati, akalining'iniza, akanyoosha mikunjo taratibu. Nikamweleza kuhusu mabonge, vile nilivyoelewa mimi, na naamini nilieleza vibaya, maana alikunja uso. Nikamwambia sikuja kubembeleza, nimekuja kununua vitunguu. Kesho nitapika kama kawaida. Akanisindikiza mpaka barabarani kwenye malori, kikapu kabeba yeye, na hakusema atakuja wala hatakuja. Njia nzima ya kurudi nilijisema moyoni, mimi na umri huu natembea kutafuta zimwi.

Jumapili fundi simu alikuja amenuna, mwanafunzi wa uuguzi alikuja amechelewa. Nikapakua. Tukala. Sahani ya tano niliifunika. Mjukuu wangu alikuwa anatazama geti kila mbwa wa jirani akibweka, daftari limefungwa mapajani, na mimi nilikuwa natazama ule mlango wa chumba nikihesabu hatua kutoka pale alipokaa. Wakaondoa vyombo. Fundi akasema, "Sasa ndio nini, tunakaa tu?"

Mbwa akabweka. Binti akainama akaingia.

Mwanafunzi wa uuguzi alimwambia, "Zimwi, chakula chako kimepoa." Binti akakaa akala. Kisha mjukuu akampa karatasi.

Nguvu kumi na tano. Chini yake sheria tatu, nilizisoma nikikusanya sahani. Zimwi linafungua, halimalizi: chochote likivunja au likinyanyua, mwenzake lazima atupe dadu ili kile kitu kiwe na faida. Kazi ndogo ndogo haliwezi: funguo, mafundo, kuhesabu, kumtuliza mtu mwenye hofu. Na kila likifanya jambo kubwa linaishiwa, na mwenzake lazima alilishe kutoka kwenye akiba yake mwenyewe, na mwenye kulisha anapoteza zamu.

Fundi akazisoma na yeye. "Kwa hiyo zimwi likifungua lango, mimi nafanya nini?"

"Unaliwekea kigingi lisirudi," mjukuu akasema. "Usipoweka linaanguka."

"Likimwangukia nani?"

"Cheza uone."

Niliweka maharage jikoni, moto mdogo, nikasema nitasikiliza kidogo. Wakafika kwenye lango la chuma, zito, la kunyanyua juu. Binti akatupa, lango likanyanyuka. Zamu ya fundi aweke kigingi. Akapuliza dadu kama watoto wanavyofanya, akatupa. Moja na moja. Kigingi kikavunjika.

"Lango linashuka," mjukuu wangu akasema, na sauti yake ilikuwa chini kabisa, ile ya binti yangu alipokuwa anawatisha wadogo zake. Sikuwa nimeisikia miaka. "Mganga na mpiga mishale wako katikati, chini yake. Zimwi, una njaa, mikono inatetemeka. Unafanyaje?"

Binti wa Usangu akatazama karatasi yake. Akatazama wenzake. "Nalishikilia. Wapite."

"Ukilishika huwezi kufanya kingine. Utabaki nje na lango mikononi."

"Sibaki nje," akasema. "Wao wakirudi kunilisha nitaingia. Nani ananilisha?"

Mwanafunzi akaangalia akiba yake. "Mimi nimebaki na andazi moja."

"Nina nyama kavu," fundi simu akasema. Alikwishasimama, hakujua kwamba amesimama. "Narudi mimi. Napoteza zamu, sawa. Narudi. Shikilia hapo hapo, zimwi, usiachie, nakuja."

"Fanya haraka," binti akasema. "Na wewe mwenyewe unanukia vizuri."

Mwanafunzi wa uuguzi akalala juu ya meza kwa kicheko. Mjukuu wangu alikuwa anacheka na mkono kaziba mdomo, na machozi, na dadu zimeanguka chini ya kabati, na wote wakapiga magoti kuzitafuta, jitu lile na wenzake, matako juu, kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi.

Maharage yakaungua. Sufuria ile bado ina alama, nimesugua kwa majivu, nimesugua kwa mchanga, haitoki.

Basi mtu angedhani tumemaliza. Jumapili iliyopita mwanafunzi wa uuguzi kasema uganga umemchosha, na yeye anataka kuwa joka. Kama zimwi limewezekana kwa nini joka lisiwezekane. Fundi simu kashika kichwa. Lile neno balansi limerudi. Mlango wa chumba uko wazi tangu Jumatatu kwa sababu karatasi zimetandazwa kutoka kitandani mpaka korido na haufungiki, nami naruka majoka nikienda chooni na miguu yangu hii.

Nikawaambia hapana. Zimwi angalau lina mikono, linashika jembe. Joka halina mikono, linaruka juu, shambani halikanyagi. Sasa huyo atapimiwa ngwe gani?

Wakanitazama wote wanne, kalamu juu ya karatasi, wanasubiri nijibu.